Gari la Agwang Kabla ya Mvua

Watu wa Kirewa wakikusimulia habari za Agwang watakuambia alikuwa mwanamke mkorofi aliyewanyang'anya wenyewe gari lao. Waache waseme. Mimi naitwa Amulen, nilikuwa jirani yake pale Busia ya Uganda, mpakani na Kenya, ukuta kwa ukuta, na kiti cha abiria cha gari lile nimekikalia kuliko mtu yeyote aliye hai. Nikisikia mtu anasema "gari lao" damu inanichemka mpaka leo.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu, bodi ya mbao nyuma, rangi ya kijani iliyobaki kwa mabaka. Odoi, mumewe Agwang, Mpadhola wa huko Kirewa, alilinunua Tororo kwa mfanyabiashara aliyekuwa akifunga duka, na siku aliyolinunua lilikuwa limeshachoka. Agwang alikuwa Mteso wa kwetu. Wawili hao walitoka Busia na vitunguu, chumvi na samaki wakavu, wakaenda Tiira kuwauzia wachimba dhahabu waliokuwa wakishinda mashimoni, kisha wakapita Iyolwa kuchukua karanga na mtama, mpaka soko la Tororo. Odoi alipoanza kusumbuliwa na homa alimfundisha mkewe kuendesha. Watu walitoka majumbani kuja kumchungulia, wengine wakishika mdomo. Agwang aliwapita akiwapigia honi, na honi ile ilikuwa na sauti mbaya sana, kama ya punda aliyefiwa. Mimi nilianza kusafiri nao wakati huo, nikiuza vikapu vyangu.

Odoi akafariki mwishoni mwa mwaka wa sitini na nne. Homa ile ile. Agwang alimzika Kirewa kwa heshima zote, akanyoa nywele, akakaa chini siku zote za matanga bila kulalamika. Kama wangemwacha pale pale, hadithi ingekwisha.

Lakini ukoo ulikuwa na desturi yake. Mtu akifa, mdogo wake anachukua nyumba: mke, ng'ombe, na kila kitu kilichomo. Mdogo wa Odoi aliitwa Oboth, mtu mwenye mwili mkubwa na sauti ya upole, ambaye hakujua hata gari hufunguliwa upande gani. Wakaitana nyumbani kwa Mzee Ofumbi, mkubwa wa ukoo. Mimi nilikwenda kumsindikiza mwenzangu. Nilikaa na wanawake mlangoni mwa jiko, mahali ambapo kila kitu kinasikika.

"Mke wetu," alisema Mzee Ofumbi, akitafuna paja la kuku, "hakuna mtu nakufukuza. Gari ya marehemu nabaki kwa ukoo. Na wewe nabaki kwa Oboth. Watoto wako hapana potea."

"Marehemu hana gari," Agwang alijibu. "Marehemu iko na kaburi, na kaburi yake mimi ndio napalilia. Hii gari nilisukuma mimi na yeye. Nililala ndani yake Tiira na mvua inanyesha. Nyinyi mlikuwa wapi?"

Wazee walitazamana. Hakuna aliyezoea kuulizwa swali pale. Agwang hakuwa amepandisha sauti wala hakuwa amepiga magoti. Alikaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka, anamtazama mzee usoni. Nilimwonea fahari na wakati huo huo nikamwogopea, maana nilijua anachokitetea. Gari likiondoka, hana tena cha kumweka Busia. Angerudi Kirewa kulima shamba la Oboth na kulala nyumbani mwa Oboth, na huo ndio ungekuwa mwisho wa Agwang niliyemjua.

Oboth akatabasamu. "Shemeji, wakati wa kiangazi hata mbuzi naweza endesha gari. Ngoja mvua. Ngoja kile kinamasi ya Iyolwa ijae. Hiyo mkweche tutavuta na ng'ombe kama kisiki."

Wazee wakaona wamepata pa kutokea. Mzee Ofumbi alifuta mikono akatoa neno. Siku ng'ombe wa ukoo watakapolivuta lile gari kutoka matopeni, siku hiyo ni la Oboth, na mwanamke analifuata. Na kama masika yatapita ng'ombe hawajalivuta?

"Kama napita," alisema mzee kwa namna ya mtu asiyeona hatari yoyote, "hatuna maneno tena."

Agwang aligeuka akatutazama sisi wanawake wa mlangoni, mmoja mmoja. "Mmesikia nyote," alisema, kisha akaaga.

Sasa, gari la zamani ukitaka likuvushe kwenye masika, unalishughulikia wakati vumbi bado lipo. Mvua ikishaanza umechelewa. Odoi alikuwa akilifanyia kazi kila mwaka mwezi wa pili, analala chini yake tangu asubuhi, na hakuna aliyeruhusiwa kumwita mpaka amalize. Agwang alijua kuendesha, alijua kubadilisha gurudumu na kumwaga oili, lakini mambo ya tumboni mwa gari yalikuwa ya Odoi. Akatafuta fundi. Oboth alikuwa amemtangulia. Alipita kwa mafundi wa Busia na wa Tororo, kwa ule upole wake, akawaambia gari lile lina maneno ya marehemu, na atakayelishika ameshika kesi ya maiti. Nani angejitia hapo? Mmoja alisema jeki yake imevunjika. Mwingine alisema anasafiri, na kesho yake tukamkuta amekaa pale pale.

Akabaki fundi mmoja tu asiyemjali Oboth, naye ni Etyang, kijana wa Kiteso aliyekuwa akifanya kazi ya magari Busia ya upande wa Kenya. Fundi hodari, mkono wake mwepesi. Tatizo ni kwamba Etyang alikuwa amemwoa Achola, binti wa kwanza wa Agwang. Alikuwa mkwe.

Ninyi mnaokaa mjini mnakula meza moja na wakwe zenu, sijui mnawezaje. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawashikani mikono, hawali pamoja. Akimwona kwa mbali njiani anaingia majanini mpaka mama apite. Kitanda cha mama mkwe hakikaribii, na kiti alichokalia mama mkwe hakigusi hata kwa kidole. Hiyo si chuki, ni heshima, na Etyang alikuwa na heshima nyingi kuliko inavyofaa kwa fundi.

Alikuja Jumapili baada ya kanisa, amevaa suruali ya kazi chini ya koti. Tulikuwa tumetundika jamvi la mafunjo kutoka ukuta wa jiko mpaka kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Agwang alikaa nyuma ya jamvi. Gari na mkwe walikuwa mbele. Mimi nikawekwa katikati niwe mdomo wao.

"Mama Amulen, mwambie mama matairi ya nyuma ni vipara," alisema Etyang. Alisema hivyo hatua chache kutoka kwenye jamvi, na Agwang hakuwa kiziwi.

"Mkwe anasema matairi ya nyuma ni vipara," nikaliambia jamvi.

"Mwambie mkwe hakuna mengine. Atoe ya mbele apeleke nyuma."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi mchana kutwa. Tangi la petroli lilikuwa linavuja kidogo pembeni. Etyang akaomba kipande cha sabuni ya kufulia, akakikanda na kukisiliba kwenye ufa mpaka ukaziba. Waya za plagi alizipaka nta ya mshumaa zisilowe, na kile kikombe cheusi kinachogawa moto akakivisha mpira wa tyubu kuukuu. Alibadilisha oili. Alijaza grisi kila mahali palipokuwa na tundu la grisi. Mipira ya waipa ilikuwa imekauka na haikuwa na maana tena, kwa hiyo akaniambia tuweke jani la tumbaku karibu, tusugue nalo kioo mvua ikianza, maji yatateleza yenyewe. Akasuka kamba nene za katani za kuzungushia magurudumu ya nyuma yapate kushika tope. Kila alipomaliza jambo alinieleza, nikalieleza jamvi, jamvi likashukuru.

Tukafika kwenye breki. Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili: mmoja yuko ndani anakanyaga, mwingine yuko chini kwenye gurudumu na spana. Mwenye gari akae ndani na mkwe alale chini yake? Etyang alikohoa. Jamvi nalo likakohoa. Basi mimi, Amulen, msuka vikapu, nikajifungulia mlango wa dereva nikapanda. Etyang hata kitasa hakukigusa.

"Kanyaga," alisema kutoka chini. "Shikilia hapo. Achia. Kanyaga tena."

Mguu uliniuma mpaka nikasema nitamtoza mtu kwa hili. Nyuma ya jamvi nilimsikia Agwang akicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Jua liliposhuka Etyang aliosha mikono kwa majivu, akalizunguka gari lote akilipigapiga kwa kiganja. Upande wa dereva aliuzungukia mbali kidogo. "Mwambie mama limekwisha," alisema. "Mvua ije." Akaondoka kwa njia ya nyuma. Agwang akatoka, akachukua kitambaa akapangusa kiti cha dereva, juu juu tu, kama anavyopangusa kila siku.

Mvua ilikuja mwezi wa tatu na haikubisha hodi. Siku ya kwanza ilifagia barabara nusu, siku zilizofuata ikachukua nusu iliyobaki. Tulikwenda Tiira, tukaenda Tororo, tukarudi. Malori yalilala njiani, sisi tukayapita pembeni na kamba zetu za katani, Agwang ameinamia usukani, meno yameuma mdomo wa chini. Alikuwa haongei akiendesha. Nami nilijifunza kunyamaza, jambo ambalo mume wangu alikuwa ameshindwa kunifundisha.

Palikuwa na mahali pamoja tu tulipopaogopa. Chini ya Iyolwa barabara inakata kinamasi cha mafunjo, na masika yakikolea maji yanapanda juu ya tuta. Na kila tulipopita pale tulimkuta Oboth analima. Alikuwa amekuja kutoka Kirewa kote kule na ng'ombe wa ukoo na plau, akaazima kipande cha shamba ukingoni mwa kinamasi, anakilima, halafu anakirudia. Sijaona shamba lililolimwa vizuri namna ile na lisipandwe kitu. Akituona alisimamisha ng'ombe na kutupungia mkono.

"Shemeji, salama?"

Agwang alimjibu kwa honi.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa siku ya soko Tororo, tumebeba karanga mpaka ubavu wa bodi unalia, na mvua inanyesha ile ya kukata na shoka. Tuliingia kwenye tuta polepole. Nilisugua kioo na jani la tumbaku kwa mkono nje ya dirisha. Katikati kabisa palikuwa na shimo ambalo halikuwapo juma lililopita. Gari likatumbukia mguu mmoja, likatikisika, likapanda. Agwang akapunguza mwendo kutafuta njia. Injini ikakohoa kidogo, ikazima.

Alibonyeza stata. Kimya. Hata ule mguno wa gari linalojaribu haukuwapo. Akabonyeza tena. Kisha akapeleka kiganja kwenye honi. Ile honi mbaya, kwa mara ya kwanza tangu niijue, ikanyamaza.

Tukakaa. Maji yalikuwa yanapita chini ya milango. Ukingoni watu wa Iyolwa waliokuwa wamejikinga kwenye baraza ya duka walianza kutoka, magunia vichwani, na Oboth alikuwa ameshafungua plau, anawaelekeza ng'ombe kwenye tuta, mnyororo begani.

"Honi imekufa na stata imekufa," Agwang alisema polepole. "Hii ni betri."

"Etyang si aliangalia betri?"

"Betri iko wapi, Amulen?"

"Mimi nitajuaje?"

"Iko chini yangu. Chini ya kiti."

Nikamkumbuka Etyang siku ile akilizunguka gari, akipita mbali na mlango ule. Angeinua vipi kiti cha mama mkwe wake? Na angesema nini, Mama Amulen, mwambie mama anyanyue anapokalia? Alikuwa ameshughulikia kila kitu kwenye gari lile isipokuwa kile kilichofunikwa na adabu yake.

"Na wewe?" nilimuuliza. "Wewe mwenyewe kwa nini hukuangalia?"

Uso wake ukabadilika. "Hii kiti ni ya Odoi," alisema. "Kukaa nakaa. Kuinua sijainua tangu alikufa. Niliona kama nakwenda kumwamsha."

Oboth akafika dirishani, mvua inamtiririka puani, na nasema kweli, hakuwa na haraka. "Shemeji, shuka tu. Utalowa bure. Ng'ombe iko tayari."

"Toka kwa dirisha yangu," alisema Agwang.

Akafungua mlango wake, akashuka matopeni mpaka magotini, akashika kiti kwa mikono miwili na kukiinua. Nilisogea nikatazama. Betri lilikuwa pale, vichwa vyake vyote viwili vimeota ungaunga mweupe na wa kijani, kishikizo kimoja kimechomoka kwa ule mtikisiko wa shimoni. Kando ya betri palikuwa na kikopo cha ugoro. Agwang alikijua, kilikuwa cha Odoi. Alikifungua; ndani mlikuwa na grisi, na kisu kidogo kilichozungushiwa kitambaa cha shati la bluu. Shati lile hata mimi nilikuwa nalikumbuka.

Alilia. Sitaki kusema macho yalilowa kwa mvua. Alilia kwa sauti, kile kilio ambacho hakulia matangani mbele ya wakwe zake, na huku analia anakwangua. Alikwangua vichwa vya betri kwa kisu cha Odoi mpaka madini yake ya risasi yakang'aa. Alifungua vizibo, akachungulia, akaniambia, "Kavu kabisa. Chukua kikombe, kinga mvua. Odoi alikuwa natia maji ya mvua, hapana ya kisima."

Nikatoa kikombe chetu cha chai, nikakikinga kwenye ukingo wa paa. Kikajaa upesi kuliko unavyodhani. Mvua ile ile waliyoiomba ituzamishe, tukaimimina tundu kwa tundu kwenye betri, yeye na mimi, tukikunja migongo juu yake isiingie na tope. Kisha akakaza vishikizo, akavipaka grisi ya Odoi, akarudisha kiti.

Aliponyanyua kichwa, mnyororo wa Oboth ulikuwa umeshafungwa kwenye bampa na ng'ombe wamepangwa mbele. Alikuwa ametumia nafasi ile tumeinama. Oboth aliinua fimbo.

Sikujua mwanamke aliye matopeni anaweza kwenda upesi vile. Agwang alipita mbele ya gari, akaingia kati ya bampa na ng'ombe, akasimama juu ya mnyororo kwa miguu miwili. Alikuwa amejaa tope mpaka nyusi.

"Vuta," alimwambia Oboth. "Vuta sasa, lakini vuta na mimi. Wote hawa wataona umevuta mke wa ndugu yako na ng'ombe kama plau. Kisha uende Kirewa uwaambie umepata mke."

"Shemeji, toka kwa mnyororo."

"Wewe ndio utatoka kwa gari yangu."

Fimbo ilikaa juu. Ng'ombe walisubiri, masikio yanadondosha maji. Mzee mmoja pale kwenye baraza akasema kwa sauti, si kwa mtu yeyote hasa, kwamba kwao Iyolwa mambo kama haya hayafanywi. Mkono wa Oboth ukashuka. Agwang akainama, akafungua ndoano kwenye bampa, akafungua na upande wa nira, akaukusanya mnyororo wote mikononi na kuutupa nyuma kwenye karanga zetu. Ukaanguka kwa kishindo.

"Ondoa ng'ombe," alisema. "Nataka kuzungusha."

Oboth aliwaondoa. Nadhani mpaka hapo alikuwa bado anatumaini.

Betri lilikuwa bado dhaifu mno kwa stata, kwa hiyo Agwang alichukua hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, chini ya miguu yangu, akaichomeka mbele. Aliniamrisha nihamie kwa dereva nikanyage pedali ya kulia na nisiiachie mpaka aseme. Basi nikakaa juu ya betri lile na juu ya Odoi, nikakanyaga kama nilivyofundishwa kwenye breki. Aliishika hendeli bila kuizungushia dole gumba, maana ikirudi nyuma inavunja mkono. Akavuta kwa nguvu. Gari likakohoa. Akavuta tena, likanyamaza kabisa, na ukingoni mtu akacheka, nikamwapiza kimoyomoyo yeye na ukoo wake. Agwang alipangusa viganja kwenye nywele zake zilizoanza kuota tena, mahali pekee pasipokuwa na tope, akaishika hendeli upya.

Likawaka. Lilitikisika lote, likapiga mlio, likatoa moshi mweusi usoni mwa ng'ombe, likawaka. Nililia mimi sasa. Agwang alinisukuma upande wangu, akaingia, akatia gea, na zile kamba za katani zikauma tuta. Tulipanda ukingoni katikati ya watu, akapiga honi kutoka chini mpaka juu bila kuondoa mkono. Punda aliyefiwa alikuwa amefufuka. Ng'ombe wa ukoo walikimbilia mafunjoni na ilibidi Oboth awafuate.

Masika yakaisha. Agwang hakungoja kuitwa. Alikwenda Kirewa mwenyewe, akaegesha gari mlangoni kwa Mzee Ofumbi na kumuuliza kama kuna maneno. Mzee alianza kusema kwamba kwa kweli siku ile mnyororo ulifungwa, na kufunga ni karibu sawa na kuvuta. Mlangoni mwa jiko wanawake wakaanza kukohoa, wote kwa pamoja, kikohozi kikubwa. Mzee akasikiliza kile kikohozi kwa muda, akasema hakuna maneno. Oboth alioa kwingine mwaka huo. Nasikia mkewe ni mpole.

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, tukatundika jamvi tena. Safari hii, kabla mkwe hajafika, Agwang alikiinua kiti cha dereva, akakibeba kifuani mpaka nyuma ya nyumba, akakifunika na shuka safi. Kisha akaenda kukaa nyuma ya jamvi lake. Etyang alikuja, akaukuta mlango wa dereva uko wazi, na ndani pako wazi, betri linamtazama. Alikuna shingo. Habari za kinamasi alikuwa amezisikia, na mimi najua zilimuuma, maana Achola aliniambia hakula siku ile.

"Mama Amulen," alisema, "mwambie mama nimeliona."

Sikuhitaji kupeleka neno. "Mwambie mkwe hakuna neno," jamvi likajibu. "Sisi wote hatukuinua."

Akafanya kazi yake, akaanza na betri. Ule mnyororo wa Oboth aliukata na kuuunganisha upya, ukawa wa kuzungushia magurudumu ya nyuma mahali pa katani, na ulikaa vizuri kama ulitengenezwa kwa kazi hiyo. Alikuwa anaukaza alipofika mwanamke mmoja kutoka Kirewa, ametumwa. Aliamkia watu, akanywa maji, akasema Oboth anasalimia sana, na anauliza habari ya mnyororo wake, maana wakati wa kulima umefika.

Agwang alitoka nyuma ya jamvi upande wa pili ili asionane na mkwe. Alimpokea yule mwanamke kwa mikono miwili, akamuuliza watoto, akamuuliza mashamba. Kisha, mgongo ukielekea gari, akamwonyesha gurudumu kwa kidole.

"Msalimie shemeji sana," alisema. "Mwambie mnyororo yake iko hapo, imefungwa kwa gari ya Agwang. Akuje na ng'ombe yake, ivute."